Andalio Lililokuwa Sahihi Kuliko Darasa

Nchi ilikuwepo, na walioikaribia wanasema bado ipo. Jina lake tuliache, maana kila anayelitaja huombwa barua ya utambulisho. Ni nchi nzuri: ina mlima, ina maziwa, ina wimbo wenye beti nyingi, na watu wake ni wakarimu mno, hasa wanapokaguliwa.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Elimu kama majirani zake wote. Siku moja wataalamu wakakaa hotelini, wakala, wakapiga hesabu, wakagundua kwamba elimu ni ghali. Inataka madawati, inataka vitabu, inataka walimu walioshiba. Andalio la somo je? Linataka karatasi, rula na kalamu za rangi mbili. Basi wakaagana na elimu kwa heshima zote, wakaipigia makofi kwa utumishi wake wa muda mrefu, na jengo likabandikwa kibao kipya: Wizara ya Maandalio.

Andalio, kwa asiyewahi kushika chaki, ni ile karatasi anayoandika mwalimu kabla hajaingia darasani. Somo ni lipi, lengo lake nini, zana zipi zitatumika, mwalimu atafanya nini na mtoto atafanya nini, kila hatua ichukue muda gani, na chini kabisa tathmini, yaani wangapi wameelewa. Hiyo tathmini, kwa desturi ya walimu wa huko, iliandikwa mapema pamoja na mengine yote, kabla mtoto wa kwanza hajaoga. Si uvivu jamani. Ni usafi tu. Nani atake kurudia karatasi nzuri kwa mikono yenye chaki?

Wizara ilifanya kazi, tusiseme uongo. Iliunda Kamati ya Vitenzi, ichunguze maneno ambayo mwalimu anaruhusiwa kuyaandika kwenye lengo. Kitenzi "kujua" kikafukuzwa kwa sababu hakuna mjumbe aliyewahi kukiona kwa macho. "Kufikiri" kilipewa onyo kwanza kwa kuchelewesha kipindi, hakikusikia, nacho kikaondolewa. "Kuelewa" kilinusurika kwa sharti moja: kitumike kwenye tathmini pekee, tena katika hali timilifu. Wameelewa. "Wataelewa" ilikatazwa, ilikuwa na wasiwasi ndani yake. Na hali ya kukanusha haikuwekwa kabisa kwenye mwongozo, hivyo kisheria ikawa hakuna namna ya kutoelewa.

Matokeo yakaonekana. Kila shule ilijengewa Ghala la Maandalio lenye dari na feni, na mvua ikinyesha watoto waliruhusiwa kusimama kwenye baraza lake, wasiguse ukuta. Katika shule moja ya kusini mwalimu alifariki dunia, Mungu amrehemu, na maandalio yake yakaendelea kukaguliwa na kupata alama za juu, mpaka mjane wake alipokuja kuomba godoro la marehemu na kuharibu takwimu.

*

Sasa, katika nchi hiyo, Shule ya Msingi Tuendeapo, alikuwepo mwalimu wa darasa la pili akiitwa Sikudhani.

Sikudhani hakuanza vibaya. Alipoajiriwa alifundisha kutoa na kujumlisha kwa vizibo vya soda, alivyoviokota mwenyewe nyuma ya baa, na watoto walimwelewa hivyo hivyo bila kibali. Mkaguzi akaja, akapita katikati ya watoto wanaohesabu kwa kelele za furaha, akaliendea andalio mezani, akalitazama kwa huzuni kama mtu anayetazama maiti. Akaandika kwa wino mwekundu: "Halina pambizo."

Aliadhirika. Wiki nzima kule staff, chumba cha walimu, wenzake walimwita Mama Vizibo. Tangu hapo Sikudhani akajifunza kuandika. Na alijaliwa, usiulize. Mistari yake ilinyooka kama imepigwa pasi. Kwenye safu ya vitendo vya mwanafunzi, pale wenzake walipoandika "kusikiliza" basi, yeye aliandika "kusikiliza kwa makini, kushangaa kiasi, kufurahi." Vizibo vikaingia chini ya kabati, vikasahaulika huko. Siku nyingine aliandika andalio zuri mpaka akajisikia amekwisha kufundisha, akaenda zake kunywa chai.

Basi andalio lake la kutoa namba za tarakimu mbili likatumwa kwenye shindano la taifa, likashinda.

"Shoga, umetutoa kimasomaso!" alipiga kelele Mwalimu Nyamizi, rafiki yake, ambaye habari yoyote ilimfikia kabla haijatokea. "Waziri mwenyewe anakuja. Dokta Kuntu! Na unajua anakuja kufanya nini?"

"Kunipa cheti."

"Cheti kitu gani! Anataka kuona likifundishwa."

Sikudhani akaweka kikombe chini. "Likifundishwa na nani?"

"Na nani tena, na bibi yangu? Na wewe!"

"Kwa watoto?"

"Ndiyo hapo na mimi nilipostuka," alisema Nyamizi. "Inasemekana tangu wizara ianze, andalio halijawahi kukutanishwa na watoto mbele ya waziri. Mwalimu Mkuu ameshalala chini kwa hofu mara mbili."

Ikatangazwa pia, kwa upole, kwamba andalio la taifa likienda kombo mwalimu wake atahamishiwa Pambizoni. Hiyo ni wilaya ya mwisho kabisa upande wa kushoto wa ramani, ambako hakuna anayeruhusiwa kuandika kitu. Na likienda sawa atapewa nyumba ya wizara yenye maji ya bomba ndani. Sikudhani alikuwa akiteka maji kisima kimoja na ng'ombe wa shule. Aliliwaza bomba lile mpaka akawa analisikia likitiririka.

*

Wakafanya mazoezi. Darasa zima lilifundishwa, si kutoa, bali andalio. Watoto walifundishwa kushangaa kiasi: midomo wazi, macho wazi, kisha kufunga kwa pamoja. Walifundishwa kufurahi hatua ya tatu, si kabla. Mtoto mmoja aliyefurahi hatua ya pili alitolewa nje akatulie. Na mwishoni mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa lote lijibu, "Tumeelewa, mwalimu, asante kwa andalio."

Zana halisi zilizoandikwa zilikuwa machungwa. Kamati ya Mapokezi iliyapokea, ikayafanyia majaribio, na siku ya siku yakabaki maganda. Mwalimu Mkuu Lukindo akasema haidhuru, maganda ni ushahidi kwamba machungwa yalikuwepo.

Mtu mmoja tu hakufanya mazoezi. Siwema, kitoto chembamba kilichokuwa kikikalia tofali mbele kabisa, alikuwa nyumbani na matumbwitumbwi, mashavu yamevimba kama ameficha maandazi. Jina lake likawekewa alama ya kutokuwepo, na kwa kweli hakuna aliyemkumbuka.

Asubuhi ya ugeni akapona.

Sikudhani alimwona anaingia, kitambaa kimefungwa kidevuni hadi utosini, anang'aa kwa mafuta ya nazi. Alitaka kumwambia, "Rudi nyumbani, mwanangu, njoo kesho." Lakini king'ora kilikwisha kulia barabarani, na Siwema alimkumbatia miguu akasema, "Shikamoo mwalimu, nilikumiss." Akaenda kukaa kwenye tofali lake.

*

Dokta Kuntu alikuwa mtu mnene wa sauti, mwembamba wa mambo mengine. Alipanda jukwaani akahutubia kwanza, kwa kuwa hakuna kitu nchini humo kilichoweza kutokea bila kuhutubiwa.

"Ndugu walimu! Wageni waalikwa! Nanyi watoto, mliopo kwa mujibu wa ratiba! Tujiulize, somo ni nini?" Kimya. "Somo ni andalio lililopata bahati mbaya ya kukutana na wanafunzi!" Makofi. "Maadui wetu wanasema watoto wetu hawajui kusoma. Mimi nawauliza, wameangalia andalio? Hawajaangalia! Wanaangalia watoto! Mtu unatoka kwenu asubuhi, umekunywa chai, unakwenda kuangalia watoto!" Watu wakacheka kwa muda uliopangwa.

Kisha akaingia darasani na msafara wake, wakakaa kwenye madawati yaliyokuja nao na yatakayoondoka nao. Waziri alishika nakala ya andalio mkononi na kalamu sikioni, kama mtu anayefuatilia ibada.

Sikudhani akaanza. Utangulizi ukaenda. Watoto wakaimba. Zana zikaonyeshwa, maganda yakapita mkono kwa mkono, Katibu wa waziri akayanusa na kuandika "halisi." Kisha Sikudhani akaandika ubaoni: hamsini na mbili kutoa kumi na saba.

"Tunaanza na mbili," alisema. "Mbili tukitoa saba inatosha?"

"Haitoshiii!"

"Haitoshi. Basi tunakwenda wapi?"

"Kwa jiraniii!"

"Jirani yake ni nani?"

"Tanooo!"

"Tunachukua kumi moja kwa jirani. Mbili inakuwa kumi na mbili. Jirani anabaki na nne." Akaandika. "Kumi na mbili kutoa saba, tano. Nne kutoa moja, tatu. Thelathini na tano."

Darasa likashangaa kiasi, midomo ikafunguka na kufungwa kama mlango mmoja. Waziri akatikisa kichwa kwa raha, akaweka alama ya vema kwenye nakala yake. Hatua ya tatu, wakafurahi. Vema nyingine. Mwalimu Mkuu Lukindo, kule nyuma, alikuwa analia taratibu.

"Je, mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu, asante kwa andalio!"

Na hapo mkono mmoja ukabaki juu.

Sikudhani alijifanya kutouona. Mkono ukapanda zaidi, mwenye mkono akasimama juu ya tofali, kitambaa chake kikimcheza kichwani.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Neno lile lilikuwa halijasikika hadharani kwa miaka mingi. Mtu mmoja wa msafara alidhani ni lugha ya kigeni, akageuka kumtafuta mkalimani.

"Pale tulipokwenda kwa jirani," Siwema aliendelea kwa sauti yake ya mgonjwa. "Tukachukua. Yeye mwenyewe amekubali?"

Nzi alisikika akitua kwenye ganda.

Sasa hili ni jambo la ajabu. Sikudhani, katika miaka yake yote ya kufundisha kutoa, hakuwahi kuulizwa swali hilo, na lilipomfikia alihisi kitu kikifunguka kifuani, kitu cha zamani, cha siku za vizibo. Alijua jibu. Lilikuwa jibu zuri: kwamba tano na mbili si majirani hasa, ni nyumba moja, hamsini na mbili ni mtu mmoja, na hakuna kinachochukuliwa, kinahamishwa tu kutoka mfuko huu kwenda ule. Angeinama chini ya kabati akavitoa vizibo, angemwonyesha mtoto, na mtoto angeelewa. Kwa kweli kabisa. Alikwisha kufungua mdomo.

"Nani amesema hivyo?" aliuliza waziri.

*

Haikuwa hasira. Dokta Kuntu alikuwa amechanganyikiwa kwa dhati. Aliangalia andalio, akaangalia mtoto, akarudi kwenye andalio.

"Hapa tathmini inasema wanafunzi wote waliokuwepo wameelewa. Andalio hili limekaguliwa na kamati tatu. Haliwezi kukosea. Kwa hiyo kuna kosa mahali, na si kwenye karatasi."

Katibu wake akakohoa. "Mheshimiwa, nimeangalia mahudhurio. Mtoto huyu ni mgonjwa. Yuko nyumbani na matumbwitumbwi."

"Aa!" Waziri akapata pumzi. "Basi hayupo."

"Hayupo kabisa, Mheshimiwa."

"Aliyeuliza ni nani basi?"

"Ndiyo maana tunasema hakuna aliyeuliza."

Msafara mzima ukashusha mabega. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake. Lakini waziri alikuwa mtu wa haki, alipenda jambo lithibitishwe na anayehusika. Akamgeukia Sikudhani, tena kwa upole, kama baba.

"Mwalimu. Wewe ndiye mwenye darasa. Umemwona mtoto amesimama hapo?"

Hakuna aliyemshika shati. Hakuna aliyemtolea jicho. Mwalimu Mkuu alikuwa akiangalia dari. Nyamizi, dirishani, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Siwema alikuwa amesimama hatua chache tu mbele yake, mkono bado uko juu, akimtazama mwalimu wake bila wasiwasi wowote, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa rahisi. Alikuwepo. Alimwamkia asubuhi.

Sikudhani alisikia bomba likitiririka.

"Sikumwona," alisema.

Siwema akaushusha mkono. Hakulia. Alijiangalia miguu, akaangalia tofali, kama mtu anayehakikisha. Kisha akaketi, na makofi yalipoanza, naye alipiga, kwa adabu.

*

Nyumba ikatolewa. Ina bomba kweli, na maji hutoka siku za ukaguzi. Picha ya Sikudhani akipeana mkono na waziri ikabandikwa kwenye Ghala la Maandalio, chini ya feni.

Siwema aliendelea kuja shule. Tatizo likawa hilo. Mtu ambaye waziri amethibitisha hayupo hawezi kupewa uji, maana uji huhesabiwa. Hawezi kusahihishiwa daftari. Watoto, ambao hujifunza haraka jambo lolote ambalo halimo kwenye andalio, walikwisha kuushika mchezo.

"Mwalimu, Siwema amenisukuma!"

"Muongo wewe, Siwema hayupo!"

"Basi nimesukumwa na upepo wenye kitambaa!"

Darasa lilicheka mpaka likagaragara. Sikudhani akaandika tarehe ubaoni. Akaifuta. Akaiandika tena.

Mama Siwema, muuza vitumbua, hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alitokea staff na beseni lake kichwani.

"Hodi walimu. Nimekuja kuuliza jambo dogo. Mwanangu yupo au hayupo?"

"Mama, kaa kwanza," alisema Mwalimu Mkuu Lukindo.

"Sikai. Nataka nijue. Kwangu usiku anakula, anakojoa kitanda, anagombana na mdogo wake. Nikimleta hapa naambiwa hayupo. Anapotelea wapi, pale getini?"

"Kiutaratibu, mama..."

"Mwalimu Sikudhani, dada yangu, sema wewe. Huyu mtoto anakupenda kuliko shangazi zake. Usiku anacheza kuwa wewe, anafundisha vyungu. Yupo?"

Sikudhani alikuwa na kitumbua cha yule mama mdomoni, alichokinunua saa ya chai. Akawaangalia wenzake, wote wakawa wanapiga mistari kwa rula.

Mwalimu Mkuu akafungua mwongozo, akalamba kidole, akapata kifungu. "Upo mlango, mama. Kinasema hapa: aliyekuwepo ni yule aliyeelewa. Mtoto akisema kwa kinywa chake kwamba ameelewa, basi alikuwepo siku zote. Hata uji wa nyuma atapewa."

"Aseme tu?"

"Aseme tu."

"Hamumuulizi chochote?"

"Tumuulize ili iwe nini?"

Mama Siwema akawatazama mmoja mmoja. Akalitua beseni, akalifunika upya, akalibeba. "Haya," alisema. "Nyie ndio mliosoma."

*

Asubuhi iliyofuata Siwema aliingia bila kitambaa, mashavu yamerudi, nywele zimesukwa upya mistari mistari kama za sikukuu. Hakwenda kwenye tofali. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, nimeelewa."

Darasa likageuka kuona kama atajibiwa. Sikudhani alishika kalamu ya mahudhurio. Kulikuwa na njia fupi: aandike, mtoto akae, apewe uji. Lakini jambo lile lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya waziri, akaona leo ndiyo nafasi. Akasimama, akaandika ubaoni hamsini na mbili kutoa kumi na saba. Akapiga magoti, mbele ya watoto wote, akaingiza mkono chini ya kabati, akavivuta vizibo vyake na vumbi lake lote. Akavimwaga mezani.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Turudi pale pale. Tumefika kwa jirani. Uliniuliza jambo. Niulize tena."

Siwema akaviangalia vizibo. Mkono wake ulitoka nyuma kidogo, kidole kikakaribia kizibo kimoja chekundu. Kisha akakumbuka, mkono ukarudi.

"Sina swali, mwalimu."

"Uliuliza kama jirani amekubali."

"Amekubali."

"Nani kakwambia?"

Mtoto alimtazama kwa huruma, vile watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyesahau maneno ya wimbo. Akainama karibu, akamnong'oneza ili wenzake wasimcheke mwalimu.

"Amekubali, mwalimu. Sema tu amekubali, watakupa uji."